Ushahidi Mabegani

Mwezi wa Desemba 1866 waliingia Unguja wapagazi wa Anzuani, mkubwa wao akiitwa Musa, na habari waliyokuja nayo ilikuwa nzito. Bwana wao, Daktari David Livingstone, kauawa. Wamazitu wamewavamia bara, magharibi ya Ziwa Nyasa. Mzungu kapigwa shoka la shingo. Wao wamejificha porini na kuponea chupuchupu. Musa alikuwa hodari wa kusimulia. Alihojiwa, akahojiwa tena, na maneno yake hayakugongana. Habari ikavuka bahari, magazeti ya London yakaomboleza. Mwaka uliofuata E. D. Young akatumwa kutafuta ukweli, akapanda Mto Shire kwa mashua mpaka ziwani, akauliza kijiji baada ya kijiji, na kila alikouliza akaambiwa kwamba Mzungu alipita, yu mzima, na kashika njia yake. Musa na wenzake walikuwa wametoroka, basi. Wamechoka kutembea, wakaogopa vita, wakatunga uongo ili wadai ujira.

Kisa hiki huachwa nyuma watu wanapoeleza jinsi maiti ya Livingstone ilivyobebwa kutoka karibu na Ziwa Bangweulu mpaka Bagamoyo. Wasimulizi hukimbilia mapenzi: watumishi walimpenda bwana wao, wakashindwa kumwacha. Sikatai mapenzi. Lakini mtu hahitaji kubeba maiti miezi 9 ili athibitishe mapenzi; kaburi zuri lingetosha. Mimi naona watu wale walibeba ushahidi. Wawili kati yao, Abdullah Susi na James Chuma, walikuwa katika msafara uleule wa 1866 ambao Musa aliukimbia. Walijua fika kwamba siku moja watafika pwani wakiwa wapagazi tu, mikono mitupu, na kusema: bwana kafa. Nani angewasadiki mara ya pili?

Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alifungwa katika msafara wa watumwa, na mwaka 1861 Livingstone na Askofu Mackenzie walipoukuta msafara huo katika nyanda za juu za Shire wakawafungua waliokuwa ndani yake. Susi alitoka Shupanga, ukingoni mwa Zambezi, na aliajiriwa kwa kazi za meli. Wote wawili walivuka Bahari ya Hindi na Livingstone mwaka 1864 katika kimeli kidogo, Lady Nyassa, mpaka Bombay. Chuma alibatizwa huko. Susi alibaki Mwislamu kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 1866 wakashuka naye Mikindani, kusini kabisa mwa pwani, na safari ile haikupata mwisho mpaka mmoja wao alipokufa.

Wengine waliongezeka njiani. Mwaka 1872, baada ya mwandishi wa habari Stanley kuachana na Livingstone karibu na Tabora, alimpelekea kutoka pwani wapagazi na askari wapatao 57. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosoma Nasik, karibu na Bombay, katika shule ya watoto waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa: Jacob Wainwright na John Wainwright, Matthew Wellington, Carus Farrar na wengine. Vijana hao walijua kusoma na kuandika Kiingereza. Walikuwamo wanawake pia: Halima, mpishi na mke wa mpagazi Amoda, na Ntaoeka, mke wa Chuma. Katika picha nyingi zilizochorwa Ulaya baadaye wanawake hawaonekani, lakini msafara bila wanawake wa kupika, kutwanga na kuchota maji ungekufa njaa kabla ya mto wa kwanza.

Livingstone alikata roho alfajiri ya kuamkia tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Ilala ambayo leo ni Zambia. Kuhara damu kulikuwa kumemmaliza. Wiki za mwisho alibebwa kwa machela kwenye matope ya Bangweulu. Walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda.

Kilichofuata ni shauri. Susi na Chuma waliwaita wenzao wote, na kabla ya kusema juu ya maiti walifungua masanduku. Kila kilichokuwamo kilitolewa mbele ya macho ya wote, na Jacob Wainwright akaandika orodha: nguo, vyombo vya kupimia, madaftari, saa. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Maiti haijapoa, wako mamia ya maili kutoka kwa mtu yeyote anayewafahamu, na jambo la kwanza wanalofanya ni kuandika orodha ya mali ya marehemu mbele ya mashahidi. Hao ni watu wanaojua wataulizwa maswali. Kisha wakawaambia Susi na Chuma kwamba wao ndio wazoefu wa safari, basi wawe wakubwa, na wengine watawatii. Wakakubaliana: mwili utakwenda pwani.

Hofu yao ilikuwa Chitambo. Katika nchi nyingi walizopita, mgeni akifia kijijini, wenzake hutozwa faini kubwa; maiti ni balaa. Kwanza walijaribu kuficha. Habari ikavuja. Chitambo, badala ya kutoza, aliuliza kwa nini hawakumwambia ukweli. Akaja na watu wake kuomboleza, ngoma zikapigwa, bunduki zikalipuliwa. Aliwashauri wazike pale pale, maana safari ya pwani na maiti haiwezekani. Walipokataa, aliwaachia wafanye watakavyo. Kati ya wenye mamlaka wote wanaotajwa katika safari hii, Wazungu na Waafrika, huyu ndiye aliyewapa heshima bila kudai kitu.

Kazi ya kuukausha mwili ilifanywa mbali kidogo na kijiji, katika kibanda kisicho na paa kilichozungushiwa boma. Farijala, aliyewahi kuwa mtumishi wa daktari Unguja na kuona maiti zikipasuliwa, ndiye aliyeshika kisu, Carus Farrar akimsaidia. Walitoa moyo na matumbo. Ubavuni upande wa kushoto wakakuta donge la damu iliyoganda, ukubwa wake kama kiganja cha mtu. Vilivyotolewa viliwekwa ndani ya kopo la bati na kuzikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob akasoma sala ya maziko kutoka katika kitabu cha Kianglikana. Mwili wakautia chumvi, usoni wakampaka brandi, wakauanika juani kwa siku 14, wakiugeuza kila siku.

Mtini Jacob alichonga maandishi: jina la marehemu, tarehe, na majina ya wakubwa wa msafara. Wakasimika nguzo mbili na boriti juu yake, wakazipaka lami. Wakamwomba Chitambo awe anafyeka nyasi kuuzunguka mti ili moto wa porini usiuunguze, na wakamwachia sanduku la bati la biskuti pamoja na magazeti, awaonyeshe watakaokuja kwamba Mzungu aliwahi kuwapo pale. Ushahidi juu ya ushahidi.

Halafu ikaja kazi ya kufunga mzigo, na hapa ndipo ujuzi wao hasa unapoonekana. Mwili ulivingirishwa merikani, ile nguo nyeupe nzito iliyotoka viwanda vya Marekani na kuwa fedha ya bara. Miguu ilikunjwa magotini ili mzigo uwe mfupi. Wakaubandua mti gome zima, likawa kama mwanzi mkubwa, wakautia mwili ndani. Juu yake wakashona turubai, wakalipaka lami. Kitu hicho kikafungwa kwenye mti mrefu, kikachukuliwa na watu wawili mabegani. Mpagazi wa njia ya Bagamoyo alizoea kubeba karibu frasila mbili, kama kilo 30 na kitu, na mzigo wowote uliozidi hapo ulibebwa na wawili kwa mti. Pembe kubwa za ndovu zilisafiri hivyo. Walichofanya pale Chitambo ni kumweka bwana wao katika vipimo vya kazi yao.

Safari ilianza vibaya. Hawajaenda siku nyingi nusu ya msafara ikaanguka kwa ugonjwa, miguu ikauma, hakuna wa kuinua mzigo; wakakaa kambini wiki kadhaa. Wanawake wawili walikufa. Walizunguka Bangweulu upande wa magharibi, wakavuka Mto Luapula kwa mitumbwi, na ng'ambo ya pili simba akawaulia punda wao.

Kijijini kwa Chawende kulitokea jambo ambalo wanaopenda hadithi ya watumishi watakatifu hulipitia haraka. Waliomba kupumzika, wakakataliwa. Walikuta watu wamelewa pombe, maneno yakawa mengi, mishale ikarushwa. Bunduki zikajibu. Wakakiteka kijiji, wenyeji wakakimbia, na msafara ukakaa ndani ya boma la watu siku kadhaa ukila chakula chao. Msafara wenye bunduki ulikuwa msafara wenye bunduki, hata uwe umebeba nini. Wenyeji wa pale hawakuandika shajara. Sijui wajukuu zao wangelisimulia vipi.

Kutoka hapo walielekea kaskazini-mashariki, wakapita mbali na milima iliyo kusini mwa Ziwa Tanganyika, kwa sababu walikumbuka taabu ya njia ya ziwani walipokwenda na bwana wao akiwa hai. Hawakuwa na ramani wala dira ya kuwaongoza. Walikuwa na kumbukumbu ya njia, na walijua kuuliza. Njiani wakasikia kwamba kuna Wazungu Unyanyembe, nchi ya Tabora, na kwamba mtoto wa Livingstone, Oswell, yumo. Jacob akaandika barua kumjulisha Oswell kwamba baba yake amefariki, Chuma akatangulia nayo haraka. Tarehe 20 Oktoba 1873 barua ilifika. Oswell hakuwapo, aliyeipokea alikuwa Luteni Verney Lovett Cameron, mkubwa wa msafara uliotumwa kutoka Uingereza kumtafuta Livingstone.

Cameron alikuwa hoi kwa homa na macho yakimsumbua, na maneno yake yalikuwa ya busara ya kawaida: zikeni hapa. Mbele kuna Ugogo na watemi wake, kuna hatari, kwa nini mjiue kwa ajili ya mifupa? Walikataa. Luteni wa jeshi la majini la Malkia anatoa shauri, wapagazi wanasema hapana, na hapana yao inasimama. Cameron alichukua vyombo vya kupimia vya marehemu kwa matumizi yake, jambo lililowaudhi, maana vilikuwa katika orodha. Lakini maiti hakuipata. Wenzake wawili, Luteni Murphy na Daktari Dillon, waliamua kurudi pwani pamoja nao. Dillon hakufika. Huko Kasekera, tarehe 18 Novemba, homa ilimpanda kichwani akajipiga risasi.

Kasekera ndipo palipofanyika hila ambayo peke yake ingestahili kitabu. Watu wa mbele walikuwa wamekwisha kusikia kwamba kuna maiti inakuja, na ikatangazwa kuwa haitapita. Wapagazi wakatangaza kwamba wamekubali: watairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakati huohuo walilifungua lile gome, wakaufunga mwili upya katika umbo la mtumba wa nguo, mtumba kama mitumba mingine yoyote inayopita njiani. Kisha wakakata mabua ya mtama, wakayafunga, wakayavika merikani, wakatengeneza maiti ya mabua yenye urefu na umbo la mtu. Watu sita wakaibeba kwa heshima zote na kurudi nayo njia ya Unyanyembe, wenyeji wakiangalia. Walipofika porini pasipo na macho ya mtu waliifungua, mabua wakayatupa huku na huko, wakaingia vichakani mmoja mmoja na kuwazungukia wenzao. Msafara uliendelea na mzigo mmoja zaidi wa nguo, na wala hakuna aliyeuliza tena.

Kutoka hapo walikuwa katika njia kuu, na njia hiyo walikuwa wakiijua kwa nyayo. Ndiyo njia ya Wanyamwezi. Watu wengi hudhani misafara ile ilikuwa ya watumwa wenye minyororo tu. Minyororo ilikuwapo, na Bagamoyo haiwezi kuinawa. Lakini maelfu waliobeba pembe na merikani walikuwa wapagazi wa kuajiriwa, wengi wao Wanyamwezi, wenye fahari kwa kazi yao. Kijana aliyekuwa hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Kirongozi alitangulia amevaa manyoya na nguo nyekundu, ngoma ikilia, na hakuna aliyeruhusiwa kumpita. Kambi zilijulikana kwa majina, maji yalijulikana yalipo, na katika Marenga Mkali, nyika kame iliyo mashariki ya Ugogo, ilijulikana pia kwamba hayapo, kwa hiyo watu walitembea mchana na usiku. Ugogo kulikuwa na hongo: kila mtemi na kiwango chake cha nguo, na kujadiliana siku mbili tatu. Kwa mtumba hongo ni ya mtumba. Kwa maiti wangetozwa nini, haisemeki.

Kifo hakikuwaacha. Msichana aliyeitwa Losi alikuwa akitembea katika mstari na chombo chake kichwani, nyoka akatokea kichakani, akamuuma, akafa muda mfupi baadaye. Walimzika kando ya njia. Losi hana mnara.

Februari 1874 walivuka Mto Kingani, ambao sehemu za juu huitwa Ruvu, wakaingia Bagamoyo. Mji ulikuwa katika ubora wake wa biashara: maduka ya Wahindi, majumba ya mawe, majahazi ya Unguja yakingoja maji yajae, na wapagazi wengi sana kambini kiasi kwamba msimu wa misafara wageni waliwazidi wenyeji. Kwa mji uliozoea kila aina ya mzigo kutoka bara, watu wachakavu kama 60 wenye mtumba mmoja mchafu hawakuwa kioja.

Upande wa kaskazini wa mji, mwendo mfupi kutoka ufukweni, walikuwapo mapadre wa Kifaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu. Padre Antoine Horner na wenzake walikuwa wamehamia hapo kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa, mashamba na shule. Kipindupindu kiliwakumba mapema. Aprili 1872 kimbunga kiliangusha karibu kila kitu walichojenga. Kanisa dogo lililojengwa mwaka huohuo wa kimbunga ndilo lililoupokea mwili tarehe 24 Februari 1874. Ukalala humo usiku mmoja. Mprotestanti wa Kiskoti, aliyebebwa na Waislamu, Wakristo wa Nasik na watu wa dini za mababu, akalazwa katika kanisa la Kikatoliki lililozungukwa na nyumba za watu waliowahi kuuzwa. Hakuna aliyelipanga jambo hilo, na nadhani ndiyo maana halikuleta ubishi.

Kesho yake kazi yao ilikwisha, na ilikwisha kwa namna ya kusikitisha. Kaimu balozi wa Uingereza Unguja, Kapteni Prideaux, alituma manowari Vulture. Maiti na masanduku vikapakiwa. Wapagazi walilipwa ujira wao wakaambiwa waende zao. Hakuna aliyekuwa ameagizwa kuwashukuru, wala hakuna serikali iliyokuwa imetenga fungu la kuwapeleka Uingereza. Kwa mji wa Bagamoyo hilo lilikuwa jambo la kila siku: mzigo umefika, mpagazi analipwa, mpagazi anatafuta mzigo mwingine. Jacob Wainwright peke yake alisafiri na mwili, kwa sababu alijua Kiingereza na kwa sababu Shirika la Misheni la Kanisa la Uingereza lilimlipia nauli.

Meli iliyoitwa Malwa ilifika Southampton katikati ya Aprili. Na sasa lile swali la Musa likarudi, safari hii kwa adabu zaidi: ni yeye kweli? Jacob alikuwapo, angeweza kueleza kila hatua. Haikutosha. Daktari wa upasuaji Sir William Fergusson aliitwa, jeneza likafunguliwa, akautafuta mkono wa kushoto. Mwaka 1844, huko Mabotsa, Afrika Kusini, simba alimtafuna Livingstone mfupa wa juu ya kiwiko, ukaunga vibaya, ukawa na kiungo cha uongo. Fergusson aliukuta. Tarehe 18 Aprili 1874 akazikwa Westminster Abbey, na Jacob alikuwa mmoja wa walioshika pembe za kitambaa cha jeneza.

Wangekuja na maneno matupu, hata ya watu 60 wanaokubaliana, wasingepita mtihani huo. Wangekuja na kichwa peke yake, au na nywele, wasingepita. Mfupa wa mkono ndio uliowaokoa, na wao hawakujua utatazamwa upi, walileta wote.

Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yamekwisha. James Young, rafiki wa marehemu, ndiye aliyewagharimia. Wakakaa na Horace Waller, aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za Livingstone kwa kuchapishwa, wakamweleza njia, mito, majina ya watu, na hata wakajenga mfano wa kile kibanda cha Ilala ili waeleweke. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu safari hii imetoka vinywani mwao, ikapita kwenye kalamu ya Waller. Jacob naye alikuwa ameandika shajara yake mwenyewe. Chama cha Kijiografia cha Uingereza kilitengeneza medali 60 zenye maneno ya kuwasifu kwa uaminifu wao hadi mwisho. Zilipofika Unguja wengi wa wahusika walikuwa wametawanyika, wengine wako bara na misafara mingine.

Chuma alirudi kwenye kazi aliyoijua. Alimwongozea Askofu Steere misafara ya kusini. Mwaka 1879 Keith Johnston alipokufa Behobeho, akamwacha kijana wa miaka 21, Joseph Thomson, na msafara mzima, Chuma ndiye aliyekuwa mkubwa wa wapagazi. Walifika Nyasa na Tanganyika na kurudi salama, na Thomson hakuficha kwamba bila Chuma asingeweza. Kifua kikuu kilimuua Unguja mwaka 1882. Susi alikwenda na Stanley mpaka Kongo, akarudi, akabatizwa mwaka 1886 kwa jina la David, akafariki Unguja 1891. Jacob alifia Urambo 1892, upande uleule wa Tabora aliowahi kupita na ule mzigo.

Bagamoyo nayo ilibadilika. Vita vya Abushiri vilizuka mwaka 1888, Wajerumani wakaja na boma lao, kisha wakahamishia makao Dar es Salaam. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ikaanzia Dar es Salaam, si Bagamoyo, na njia ya miguu ikaanza kuota majani. Mwaka huohuo wa 1914 mapadre walikuwa wakimalizia kanisa jipya kubwa. La zamani lilibaki mnara, nao unaitwa Mnara wa Livingstone mpaka leo. Kanisa la Anglikana mjini nalo lina mlango unaosemwa kuwa ndio aliopitishwa. Simlaumu hata mmoja kati yao. Kila mmoja anataka kipande.

Wakatoliki huenda hija Bagamoyo, kama waendavyo Pugu. Wengi hushuka kwenye mabasi, wakapita chini ya miembe mpaka makaburi ya mapadre na masista, halafu wakasimama chini ya mnara. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 70 za lami. Tangu 2006 njia yote, Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara hadi Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia wa UNESCO, ikitajwa kwa biashara ya watumwa na pembe. Ni haki itajwe hivyo. Lakini mhujaji anayesimama pale mnarani anasimama pia mwisho wa mwendo wa zaidi ya kilomita 1,600 uliopangwa, ukaongozwa na kulindwa na wapagazi wenyewe, bila bwana, na mara moja kinyume cha shauri la aliyejiona bwana. Kama kungekuwa na watu wa kuitembea tena njia hiyo kwa miguu, hata kipande cha Mpwapwa hadi baharini, ningependa waanze kwa kusoma majina: Susi, Chuma, Amoda, Farijala, Halima, Ntaoeka, Losi.

Ule mti wa Ilala ulianza kuoza. Mwaka 1899 kipande chenye maandishi ya Jacob kilikatwa na kupelekwa London, Chama cha Kijiografia kikakihifadhi, na mnara wa kumbukumbu ukajengwa mahali pake. Kwa hiyo hata maandishi yalibidi yasafiri ili yasadikiwe. Wakati huo Matthew Wellington, kijana wa Nasik aliyetembea na mzigo ule tangu Chitambo hadi pwani, alikuwa akiishi Mombasa, na kwa miaka alifanya kazi katika idara ya ujenzi ya serikali. Alifariki hukohuko mwaka 1935.